SOMO: GITAA LA UMEME KUTOKANA NA MABAKI YA MBAO



Somo la toleo hili ni kwa mafundi seremala, kwa vijana wanaojifunza useremala, na kwa wote wanaofanya kazi katika karakana za Logiri, Vurra, mjini Arua na hata Koboko. Tunataka kueleza jinsi gitaa la umeme linavyoweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao: vipande vya fremu za milango, miguu ya vitanda vikuukuu, paleti za mizigo, na zile mbao nyembamba ambazo kila jioni hufagiliwa na kupelekwa jikoni.

Madhumuni ya somo ni mawili. La kwanza ni kumpa fundi maarifa ya kutosha ili aanze kazi. La pili ni kumwonyesha kwamba thamani ya chombo hiki inatoka katika usahihi wa mikono yake, wala si katika bei ya mti. Anayeshika la kwanza na kuliacha la pili atatengeneza gitaa zuri, kisha ataliuza kwa hasara.

Kwa nini magitaa? Nile Magharibi ni nchi ya nyuzi tangu zamani. Ndugu zetu Waalur wana adungu, kinubi cha mbao kilichofunikwa ngozi, ambacho siku hizi hufungwa nyuzi za nailoni za wavuvi na kupigwa makanisani na shuleni mahali pengi katika Uganda. Upande wa pili wa mpaka kuna muziki wa gitaa wa Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, naye aliimba Kiswahili akijipigia gitaa moja tu. Mwaka 2021 rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwaya na bendi zetu zinataka magitaa, lakini karibu yote yanatoka ng'ambo.

Wakati huohuo mbao nyingi za Kongo, hasa za Ituri, hupita Arua. Mti uliokua miaka mia moja unapasuliwa, mlango unatengenezwa, na kipande cha sentimita 60 kinachobaki kinaishia chini ya sufuria. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

1. SAUTI INATOKA WAPI?

Fundi wa adungu anajua kwamba mwili wa chombo chake ndio unaotoa sauti. Uzi unatikisa ngozi, ngozi inatikisa hewa. Akibadilisha mti au ngozi, sauti inabadilika. Gitaa la kawaida lenye tumbo wazi ni hivyo hivyo.

Gitaa la umeme ni tofauti. Chini ya nyuzi kuna pikapu, na hapa hatusemi gari. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unakwenda katika amplifaya, na spika inatoa sauti. Pikapu haisikilizi mbao. Inasikiliza uzi wa chuma. Kwa sababu hiyo nyuzi za nailoni hazifai kwa pikapu ya namna hii, hata ukizipiga kwa nguvu zako zote.

Basi mbao ina kazi gani? Kazi yake ni kushika. Nyuzi sita za kawaida za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45, usiku na mchana, miaka yote. Ni kama kuning'iniza karibu gunia zima la saruji katika shingo yenye unene wa vidole viwili. Mbao isiyopinda, iliyokauka, na iliyounganishwa barabara itafanya kazi hiyo, iwe ya bei ghali au ya kuokota. Mbao mbichi itashindwa, hata ikiwa ni mahogani safi.

Hatusemi kwamba mbao haina athari yoyote. Uzito wake na ugumu wake hubadilisha kidogo jinsi uzi unavyodumu kulia. Lakini athari hiyo ni ndogo ukilinganisha na pikapu, nyuzi, spika na mkono wa mpigaji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio la magitaa sita ya kawaida, yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na ubavu. Wapigaji 52 waliyajaribu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji ili wasione. Hawakuweza kutenga mbao za bei kubwa na mbao za bei ndogo. Ikiwa ni hivyo kwa gitaa la tumbo wazi, gitaa la umeme lina nafasi zaidi ya kutumia mbao duni kwa bei.

2. WENGINE WALIFANYAJE?

Fundi asidhani kwamba tunamtuma mahali ambapo hakuna aliyepita.

Karibu mwaka 1941, Mmarekani Les Paul alichukua gogo la msonobari la mraba wa inchi nne, akaweka nyuzi na pikapu, akabandika ubavuni vipande viwili vya gitaa lililopasuliwa ili watu waone umbo la gitaa. Gogo ndilo lililofanya kazi. Ubavu ulikuwa pambo. Leo Fender, ambaye jina lake liko kwenye magitaa duniani kote, alitengeneza gitaa lake la kwanza la mfano mwaka 1949 kwa msonobari, na shingo akaifunga kwa skrubu kama mguu wa meza, ili ikiharibika ibadilishwe. Kuanzia miaka ya 1950 kiwanda cha Danelectro, New Jersey, kiliuza maelfu ya magitaa yaliyofanywa kwa fremu ya mbao rahisi na kufunikwa hadibodi, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Pikapu zake ziliwekwa ndani ya vikopo vya rangi ya midomo ya wanawake.

Mfano ulio karibu zaidi na karakana zetu ni wa kijana wa Kiingereza, Brian May, ambaye mwaka 1963 alianza kutengeneza gitaa nyumbani pamoja na baba yake. Shingo ilitoka katika mbao ya mahogani ya jiko la zamani la kuotea moto, yenye matundu ya wadudu ambayo aliyaziba kwa njiti za kiberiti. Katikati ya mwili ni mbao ya meza ya zamani. Pembeni ni blokibodi. Springi za kulegezea nyuzi zilitoka katika injini ya pikipiki kuukuu. Kazi ilichukua karibu miaka miwili, na gharama yote ilikuwa kama pauni nane. Kwa gitaa hilo alipiga na bendi ya Queen katika viwanja vikubwa vya dunia.

Afrika pia tuna walimu. Kinshasa, fundi Misoko anayejulikana kwa jina la Socklo alitengeneza kwa miaka mingi magitaa na besi za umeme kwa ajili ya bendi za mji huo. Kundi la Konono Nambari 1, la mjini huohuo, lilijitengenezea vipaza sauti kwa sumaku za vyuma vya magari makuukuu, likapata wasikilizaji Ulaya na Marekani baada ya mwaka 2004.

Watu hawa wote walibana gharama ya mbao, lakini vipimo hawakuvibana.

3. KUCHAGUA MBAO

Kanuni ya kwanza ni ukavu. Mbao iliyopasuliwa karibuni huchukua karibu mwaka mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene, ikiwa imepangwa kivulini na kutengwa kwa vijiti ili hewa ipite. Huna kipimo cha unyevu? Tumia mizani. Pima kipande kila juma na uandike uzito wake kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Uzito usipopungua tena kwa majuma matatu mfululizo, mbao imefikia ukavu wa mahali hapo. Kwa sababu hii kitanda kilichovunjika ni bora kuliko ubao mpya: kimekwisha kukauka miaka ishirini ndani ya nyumba.

Sasa tutazame mbao moja moja.

Msonobari na saiprasi: nyepesi, rahisi kuranda, zinafaa kwa mwili. Epuka kipande chenye fundo mahali pa skrubu.

Msaji, yaani tiki: imara, haipindi ovyo, na imepandwa sehemu nyingi za Nile Magharibi. Ina mafuta yanayozuia gundi kushika, kwa hiyo randa, kisha futa uso kwa spiriti na upake gundi siku ileile.

Mkaratusi: unapatikana kila mahali na una nguvu, lakini hujipinda na kupasuka. Usitumie kipande kimoja kizima kwa shingo. Ukipasuliwa vipande vyembamba na kuunganishwa, unafaa.

Mwembe: hufaa kwa mwili, na mara nyingine una rangi za kupendeza. Hushambuliwa upesi na wadudu na kuvu, basi pasua mapema, kausha vizuri, na ukague matundu.

Mkwaju: kiini chake ni kigumu sana na cheusi. Kipande chembamba cha milimita 6 hutosha kwa ubao wa vidole, yaani uso wa shingo ambapo mpigaji hubonyeza nyuzi.

Paleti za mizigo: ni hazina, lakini soma muhuri wake. Herufi HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo tumia. Herufi MB maana yake ilipigwa dawa ya methili bromidi, hiyo iache.

Mvule, mahogani, na Afzelia africana, ambayo imekatwa mno katika Nile Magharibi: tumia mabaki tu. Kuangusha mti wa namna hiyo kwa ajili ya gitaa ni kujikatia tawi unalokalia.

4. SHINGO

Hapa ndipo penye mtihani. Mwili ukikosewa, gitaa litakuwa baya kwa macho. Shingo ikikosewa, hakuna gitaa.

Njia inayomfaa mtu wa mabaki ni kuunganisha vipande vitatu au vitano virefu, kila kimoja upana wa milimita 15 hadi 20, vikisimama ubavu kwa ubavu. Mishipa ya kipande cha kati igeuzwe kinyume na ya jirani zake. Kimoja kikitaka kujipinda kulia, cha pili kinamvuta kushoto, kama wafanyakazi wanaozuiana wasianguke. Shingo ya namna hii aghalabu hushinda shingo ya kipande kimoja kizuri.

Randa nyuso mpaka mwanga usipite kati yake. Paka gundi nyeupe ya mbao. Kama huna klampu za kutosha, funga kwa kamba ya mpira iliyokatwa katika tyubu ya baiskeli, na upige kabari chini ya kamba. Acha saa 24. Kisha chimba mfereji katikati na utie chuma bapa cha milimita 3 kwa 10, kikisimama kwa ubavu wake, kabla ya kubandika ubao wa vidole juu yake. Chuma hicho ndicho kitakachosaidia mbao kubeba zile kilo 45.

Jihadhari na joto. Gundi nyeupe hulegea ikipata joto kali. Gitaa lisiachwe juani wala darini chini ya bati.

5. VIPIMO VYA FRETI

Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni. Kila kimoja hufupisha uzi ili sauti ipande nusu hatua. Nafasi zake hazigawanywi sawasawa, wala hazikisiwi kwa macho. Chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi daraja, ugawanye kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu unaobaki ugawanye tena kwa 17.817, upate ya pili, na kuendelea.

Ili kuepusha makosa, tumeifanya hesabu kwa urefu wa milimita 648, ambao hutumika sana. Vipimo vyote ni kutoka kizingiti cha juu:

Freti ya 1: 36.4
Freti ya 2: 70.7
Freti ya 3: 103.1
Freti ya 4: 133.7
Freti ya 5: 162.5
Freti ya 6: 189.8
Freti ya 7: 215.5
Freti ya 8: 239.8
Freti ya 9: 262.7
Freti ya 10: 284.3
Freti ya 11: 304.7
Freti ya 12: 324.0

Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, na hiyo ni njia nzuri ya kujikagua. Kwa freti za mbele ya hapo, chukua kipimo cha freti ya 1, ukigawe kwa mbili, ujumlishe 324; hiyo ni ya 13. Fanya vivyo hivyo kwa zinazofuata.

Pima daima kutoka kizingiti. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa la nusu milimita litajirundika, na ukifika ya 12 litakuwa milimita sita. Tumia rula ya chuma na kisu cha kuchorea, maana penseli ina unene wake. Daraja liweke milimita 2 au 3 nyuma ya 648 kwa upande wa nyuzi nene, kwa sababu uzi ukibonyezwa huvutika na sauti hupanda kidogo.

Waya wa freti wa kiwandani ni bora. Ukikosekana, zipo fimbo nyembamba za shaba nyeupe au ya manjano wanazotumia wachomeleaji. Kata mfereji wenye upana wake, uitie na gundi kali, kisha usawazishe zote kwa jiwe la kunolea lililo bapa. Vigingi vya kukazia nyuzi, na nyuzi zenyewe, nunua; hapo usibane matumizi.

6. MWILI NA UMEME

Mwili uwe na unene wa milimita 40 hadi 45. Unganisha vipande ubavu kwa ubavu mpaka upate upana wa sentimita 32 au 33. Umbo ni la hiari yako, mradi mpigaji aweze kukaa nalo na kufikia freti za juu. Mfuko wa kuingizia shingo ndio wa kuangaliwa: shingo iingie kwa kubana, ikae bila skrubu hata ukigeuza mwili chini juu. Kisha funga skrubu nne.

Kabla ya kupaka vanishi, funga uzi mmoja mnene na uzi mmoja mwembamba. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja. Katikati, karibu na freti ya 7, pawe na nafasi ndogo inayopitisha karatasi ngumu. Pasipokuwa na nafasi, uzi utagonga freti. Nafasi ikipita kadi mbili, shingo imepinda mno.

Pikapu inaweza kununuliwa, au kujisukia. Waya wake una unene wa karibu milimita 0.06, mwembamba kuliko nywele nyingi, na huzungushwa mara 7,000 hadi 8,000. Kazi hiyo hutaka subira na hesabu. Njia ya tatu ni kile kisahani cha pizo kinachopatikana katika saa za kengele na vidude vya kulia. Chenyewe hubandikwa kwenye mbao, na kinafaa hata kwa adungu na nyuzi za nailoni. Lakini kumbuka tofauti: pizo husikiliza mtikisiko wa mbao, hivyo hapo mbao na viungo vibaya vitasikika.

Waya mmoja utoke kwenye upande wa ardhi wa pikapu uguse daraja la chuma. Huo hupunguza mvumo. Na kwa usalama, amplifaya ndogo ya volti 12 inayotumia betri ya sola ni bora kwa majaribio. Amplifaya ya umeme wa nyumba iliyokatwa waya wa ardhi inaweza kupeleka umeme katika nyuzi na kumwua mpigaji. Asiguse mtu mpaka fundi umeme ameikagua.

7. AFYA YA FUNDI

Vumbi la mbao si uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliamua mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vaa barakoa, pigia msasa nje au dirishani, na mwagia maji sakafu kabla ya kufagia. Rangi kuukuu ya milango inaweza kuwa na madini ya risasi: usiipige msasa mkavu. Nguzo za umeme na mbao za kijani zilizopigwa dawa zisikatwe kwa kazi hii, na mabaki yake yasipikiwe chakula.

8. MABAKI NI MALI YA NANI?

Sasa tunafika kwenye swali ambalo fundi wengi hawalitaji mpaka siku ya ugomvi. Mbao ni ya mwenye karakana. Kazi ni yako. Je, kipande kinachobaki?

Swali hili ni la kale. Katika viwanda vya meli vya jeshi la Uingereza, mafundi walikuwa na haki ya desturi ya kwenda nyumbani na mabaki ya mbao. Desturi haikuandikwa vizuri. Wakubwa walilalamika kwamba mbao nzima hukatwa makusudi iwe mabaki. Mafundi walisema mishahara huchelewa na mabaki ndiyo yanayowalisha. Mwaka 1801 haki hiyo ikafutwa, na badala yake wakalipwa posho ya fedha. Haki ya desturi ambayo haikuandikwa ilibaki mikononi mwa mkubwa, aifute siku atakayo.

Sisi tuna la kujifunza. Maadamu mabaki ni kuni, hakuna anayejali. Siku utakapouza gitaa la kwanza, mabaki yataanza kuwa na thamani, na yule yule aliyekwambia "chukua tu" anaweza kukuita mwizi. Kwa hiyo pataneni mapema, na muandike. Patano liseme urefu wa kipande kinachohesabiwa kuwa baki, kwa mfano chini ya sentimita 70. Liseme nani anakagua kabla ya kipande kutoka getini, na kama fundi atakitumia jioni kwa zana za karakana au kwa zake mwenyewe. Mabaki kamwe yasihesabiwe kuwa sehemu ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataka mshahara ulipwe kwa fedha halali. Kuni si mshahara, na mbao ya gitaa si mshahara.

9. HESABU YA JASHO

Fundi wengi huweka bei kwa kujumlisha vitu walivyonunua, kisha kuongeza kidogo "cha soda". Kwa kuwa mbao ni ya bure, huona gitaa halina gharama. Hili ni kosa kubwa.

Tufanye mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za mazoezi tu. Kila mmoja aweke za kwake. Nyuzi, vigingi, freti, pikapu na skrubu: shilingi 160,000. Msasa, gundi, vanishi na uchakavu wa zana: 20,000. Kazi: saa 48, yaani siku sita. Kama siku ya fundi ni 25,000, jasho ni 150,000. Jumla ni shilingi 330,000.

Akija mnunuzi na kusema, "Mbao zenyewe ni za kuokota, nikupe 250,000," je, umepata faida? Toa 180,000 za vifaa. Zinabaki 70,000 kwa siku sita, nazo ni chini ya 12,000 kwa siku. Umemfanyia kazi kwa chini ya nusu ya ujira wako, na umefurahi kwa sababu umeshika noti nyingi kwa mara moja. Mnunuzi amekuonyesha mbao ili usihesabu siku.

Jibu lake liko katika somo hili hili. Mwambie kwamba mbao kweli ni ya kuokota, wala hulipishi mbao. Unalipisha freti iliyokaa mahali pake kwa sehemu ya kumi ya milimita. Unalipisha shingo ambayo haitapinda mwaka ujao. Kisha mpe gitaa apige mwenyewe.

Kwa anayeanza tunashauri asiuze gitaa la kwanza. Alitumie kama kipimo na kama mfano wa kuwaonyesha watu. Alifunge nyuzi na kuliacha miezi mitatu, kiangazi na masika, aone shingo inavyokaa. Magitaa yanayofuata yauzwe kwa ahadi ya kurekebisha bure kwa mwaka mmoja. Ahadi hiyo ndiyo itakayoshindana na chombo cha dukani, maana kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kuja Logiri kusawazisha freti.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini shingo ya vipande vitatu vilivyounganishwa inaweza kuwa imara kuliko shingo ya kipande kimoja?

2. Urefu wa uzi ukiwa milimita 628, freti ya kwanza itakuwa wapi? Na ya 12?

3. Katika karakana yenu, mabaki huenda wapi? Je, kuna patano lililoandikwa? Andikeni rasimu ya patano la mistari mitano.

4. Chukueni kazi ya mwisho mliyoiuza, iwe mlango au kitanda. Hesabuni saa zote. Je, kila saa ililipwa shilingi ngapi?

Majibu ya swali la pili: milimita 35.2 na milimita 314. Majibu ya swali la tatu na la nne mnayo wenyewe, na hayo ndiyo yaletwe katika mkutano wa tawi.